Ngazi ya Pugu na Darasa la Lumumba: Elimu ya Wateule Kando ya Kariakoo

Eneo la Kariakoo, lililo kati ya Mtaa wa Msimbazi kwa upande wa magharibi na Mtaa wa Lumumba kwa upande wa mashariki, hujulikana zaidi kwa soko lake kuliko kwa vyuo, na hata jina lake linatokana na kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza waliopiga kambi hapo wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Tawala za Wajerumani na Waingereza ziligawa mji wa Dar es Salaam kwa kufuata rangi za wakazi, zikaacha uwanja wa Mnazi Mmoja uwe nafasi tupu ya kutenga Uhindini na makazi ya Waafrika. Ukingoni mwa uwanja huo, upande wa Waafrika, ndipo ilipofunguliwa mwaka 1961 taasisi ya kwanza nchini iliyofundisha kwa ajili ya shahada ya chuo kikuu, na historia yake haielezeki vizuri bila kuutazama mchango wa shule za Kanisa Katoliki zilizokuwa zimewaandaa vijana kwa miongo kadhaa kabla yake.

Elimu ya juu ya wateule, yaani ile inayowatenga wanafunzi bora wa shahada ya kwanza na kuwadai kazi nzito zaidi kuliko wenzao, ina mapokeo mawili makubwa. Katika vyuo vingi vya Marekani, vikiwemo vya Kikatoliki, wanafunzi hao hupewa programu yao maalumu yenye madarasa madogo, semina na tasnifu, mtindo uliopata nguvu baada ya Frank Aydelotte kuuanzisha katika Chuo cha Swarthmore mwaka 1922 kwa kuiga mafunzo ya Oxford. Katika vyuo vya Uingereza, honazi ni hadhi ya shahada yenyewe: mwanafunzi hujikita katika somo moja au mawili, kisha matokeo yake hupangwa katika daraja la kwanza, la pili la juu, la pili la chini au la tatu, na anayeshindwa kufikia kiwango hicho hupewa shahada ya kawaida. Tanganyika ilirithi mtindo huu wa pili, lakini uteuzi wenyewe ulikuwa umekwisha kufanyika muda mrefu kabla mwanafunzi hajaugusa mlango wa chuo.

Ngazi ya elimu ya kikoloni ilikuwa nyembamba mno. Mtoto aliyebahatika kuingia shule alichujwa darasa la nne, akachujwa tena darasa la nane na la kumi, na wachache waliobaki wakafanya mtihani wa Cambridge mwishoni mwa darasa la kumi na mbili, ambao kwa wachache zaidi ulifungua njia ya kwenda Makerere nchini Uganda. Kwa upande wa Wakatoliki, kazi iliyoanzwa Pugu mwaka 1888 na Wabenediktini kutoka Ujerumani, ambao misheni yao ilishambuliwa mwaka uliofuata katika vita vya Abushiri, ilichukuliwa mwaka 1921 na Wakapuchini kutoka Uswisi, na baadaye vilima hivyo vya Pugu, vilivyo umbali wa takriban kilomita 20 kutoka katikati ya mji, vikawa makao ya Chuo cha Mtakatifu Fransisko. Licha ya jina lake, hicho kilikuwa shule ya sekondari, na pamoja na Mtakatifu Maria ya Tabora kilihesabiwa miongoni mwa shule chache ambazo kijana wa Kiafrika angeweza kutoka humo akiwa na matumaini ya kweli ya kufika chuo kikuu.

Shule hizo mbili ndizo alizofundisha Julius Nyerere, na safari yake inaangaza suala hili kuliko hati yoyote ya sera. Alifundisha Tabora kuanzia mwaka 1946, akaenda Chuo Kikuu cha Edinburgh mwaka 1949, na mwaka 1952 akahitimu shahada ya uzamili katika sanaa, ambayo kwa mapokeo ya Scotland ni shahada ya kwanza. Tena aliipata katika njia ya kawaida, wala si ya honazi, njia iliyomruhusu kusoma uchumi, historia, sheria ya katiba, falsafa ya maadili na elimu ya jamii za watu kwa pamoja. Ni vigumu kuona jinsi ambavyo honazi ya somo moja ingemfaa zaidi kwa kazi iliyomngoja. Akiwa mwalimu wa Pugu alichaguliwa kuongoza chama cha Waafrika wa Tanganyika, TAA, mwaka 1953, chama cha TANU kilichochukua nafasi yake kikazaliwa tarehe 7 Julai 1954 katika mtaa ambao sasa unaitwa Lumumba, na mwaka 1955, baada ya kuhutubia Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa huko New York, akaiacha kazi ya ualimu. Kati ya kilima cha shule ya Kanisa na ofisi za chama pale Kariakoo kulikuwa na mwendo wa saa kadhaa kwa miguu, nao mwendo huo uliunganisha vyumba vya wasomi na mitaa ya wachuuzi, makuli na mafundi.

Chuo Kikuu Kishiriki cha Tanganyika kilifunguliwa mwezi Oktoba 1961, wiki chache kabla ya uhuru, katika jengo la TANU la Mtaa wa Lumumba, kikiwa na wanafunzi 14 na kitivo kimoja tu, cha sheria. Uchaguzi wa sheria ulikuwa na sababu zake. Serikali ya kikoloni haikupenda kuwasomesha Waafrika sheria, kwa kuwa iliwaona mawakili kuwa wanasiasa watarajiwa, na Makerere haikuwa na kitivo hicho. Hivyo aliyetaka uwakili ilimpasa kuvuka bahari, na Afrika Mashariki nzima ilikuwa ikikaribia kujitawala bila mahali pa kuwafunzia mahakimu na waandishi wa sheria zake. Kwa hiyo darasa la Lumumba lilikusudiwa tangu mwanzo kuzihudumia Tanganyika, Kenya na Uganda. Mkuu wa chuo alikuwa Cranford Pratt kutoka Kanada, na kitivo kiliongozwa na A. B. Weston kutoka Australia, akisaidiwa na wahadhiri vijana kama William Twining.

Shahada iliyotolewa ilikuwa ya Chuo Kikuu cha London, chini ya mpango wa uhusiano maalumu ambao ulikipa chuo kichanga heshima ya cheti kinachotambulika duniani, huku walimu wa Dar es Salaam wakiruhusiwa kurekebisha mitaala na kushiriki katika utahini. Hapa ndipo ubora wa darasa hilo ulipo, na unastahili sifa zaidi ya ile ambayo kwa kawaida hupewa. Wahadhiri wake hawakuridhika kufundisha kesi za Uingereza peke yake, bali walitaka sheria isomwe pamoja na mazingira yake, yaani mila, ardhi, siasa na mahakama za Afrika Mashariki zenyewe. Wanafunzi wachache namna hiyo walipata uangalizi wa karibu ambao vyuo vikubwa hulazimika kuuundia programu maalumu, na nje ya dirisha walikuwa na mji wenye migogoro ya kodi za nyumba, mikopo na mirathi iliyotosha kuwafundisha mengi. Mwaka 1963 chuo kikawa sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, mwaka 1964 wahitimu wa kwanza wakatoka na chuo kikahamia eneo la Mlimani, mbali na katikati ya mji, na mwaka 1970 kikawa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Kuhama huko kulileta maktaba, mabweni na vitivo vipya, lakini kuliwatenga wasomi na Kariakoo.

Athari za umbali huo zilionekana mapema. Nyerere alikuwa amemfananisha msomi na kijana ambaye kijiji chenye njaa kimempa chakula chote kilichobaki ili apate nguvu za kwenda mbali kuleta msaada, naye asiporudi huwa msaliti. Mwezi Oktoba 1966 wanafunzi waliandamana mjini kupinga sheria ya Jeshi la Kujenga Taifa, iliyowataka wahitimu watumikie miaka miwili na kupokea asilimia 40 tu ya mshahara kwa sehemu kubwa ya muda huo; karibu wanafunzi 400 walifukuzwa, na Nyerere, akiwa Rais, akapunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Azimio la Musoma la mwaka 1974 likaenda mbali zaidi kwa kudai kwamba mwombaji wa chuo kikuu awe kwanza amefanya kazi na kupendekezwa na wale aliofanya kazi nao, hivyo uteuzi ukaacha kutegemea mtihani peke yake. Nia ilikuwa njema, ingawa iliwapa viongozi wa kazini na wa chama sauti kubwa mno juu ya vipaji vya vijana.

Wakati huo ngazi ya Kanisa ilikuwa imekwisha kukatika, kwa sababu Sheria ya Elimu ya mwaka 1969 ilizifanya shule nyingi za misheni, Pugu ikiwemo, kuwa za serikali. Njia ya kurudi ilifunguka mwaka 1992, makanisa na serikali walipotia saini mkataba wa maelewano kuhusu huduma za jamii, na baada ya sheria kuruhusu vyuo vikuu binafsi, chuo cha mafunzo ya jamii kilichoanzishwa Nyegezi, Mwanza, mwaka 1960 chini ya Askofu Joseph Blomjous, kikawa mwaka 1998 Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino, mali ya Baraza la Maaskofu Katoliki Tanzania.

Chuo hicho hakikuchukua mtindo wa Kimarekani wa kuwatenga wateule katika programu yao. Wahitimu wake, sawa na wa Mlimani, hupangwa kwa madaraja yanayosimamiwa na Tume ya Vyuo Vikuu, ambapo wastani wa 4.4 hadi 5.0 ni daraja la kwanza na 3.5 hadi 4.3 ni la pili la juu, mfumo ambao asili yake ni vyeti vya London vilivyofika Lumumba mwaka 1961. Tofauti ni kwamba idadi ya wanaoingia vyuoni imekua kupita kiasi ambacho walimu wa Pugu wangeweza kukitazamia, kwa hiyo mchujo uliokuwa ukifanyika darasa la nne, la nane na la kumi sasa unafanyika ndani ya chuo chenyewe, muhula kwa muhula, na wenye alama za juu ndio wanaobakizwa kuwa wakufunzi wasaidizi.