Gari la mtumba na elimu ya kulitunza: wamiliki wa nchi jirani wanavyoelekezana

Katika barabara za Kenya, Tanzania na Uganda, gari la mtu binafsi kwa kawaida si gari jipya. Ni gari lililokwisha kutumika ng'ambo, hasa Japani, likashushwa katika bandari ya Mombasa au ya Dar es Salaam, na kumfikia mnunuzi likiwa limepitia mikono ya watu asiowajua. Tangu siku hiyo mmiliki huwa na kazi mbili: kuliendesha na kulitunza. Kazi ya kwanza ina walimu na mtihani. Ya pili watu hujifunza kwa wenzao: katika maegesho ya kazini, chini ya mwembe gerejini, kwa jirani mwenye gari la aina ileile, au kwa ujumbe wa sauti wa simu unaoeleza mlio wa gurudumu na kuuliza dawa yake.

Elimu hiyo ya kupokezana ina thamani kubwa. Kwa familia nyingi gari ndilo mali ya pili kwa gharama baada ya nyumba, na kwa dereva wa teksi ndilo shamba lake. Zaidi ya hayo, breki zilizokwisha hazimdhuru mwenye gari peke yake.

Kwa nini magari ya Japani

Ripoti ya Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira, UNEP, iliyotolewa mwaka 2020, ilieleza kwamba kati ya mwaka 2015 na 2018 magari madogo yaliyotumika yapatayo milioni 14 yaliuzwa nje kutoka Ulaya, Japani na Marekani. Sehemu kubwa yalielekea Afrika.

Kwa upande wa Afrika Mashariki, Japani ina faida mbili. Ya kwanza ni usukani: Wajapani huendesha upande wa kushoto wa barabara, kama wanavyofanya Wakenya, Watanzania na Waganda, hivyo usukani wa magari yao uko kulia. Ya pili ni sheria za Japani zenyewe. Gari jipya la abiria hukaguliwa kwa mara ya kwanza baada ya miaka 3, kisha kila baada ya miaka 2, na ukaguzi huo una gharama kubwa. Wajapani wengi huona heri kuuza gari likiwa bado zima kuliko kuendelea kulilipia.

Serikali za nchi jirani zimeweka mipaka ya umri. Kenya hairuhusu kuingizwa gari lililozidi miaka 8 tangu lilipoandikishwa kwa mara ya kwanza. Uganda, kwa sheria iliyoanza kutumika mwaka 2018, ilipiga marufuku kuingiza magari yenye umri wa miaka 15 au zaidi. Tanzania haikufunga mlango, bali hutoza ushuru wa ziada kwa magari yaliyozeeka. Hata hivyo sheria hizo zinahusu siku ya kuingia nchini. Gari likishaingia, huweza kubaki barabarani miongo miwili, na umri wake hutegemea matunzo.

Gari lisilo na kitabu

Tatizo la kwanza la mmiliki ni lugha. Kitabu cha maelekezo, kama kimo ndani ya gari, kimeandikwa kwa Kijapani, na maandishi ya skrini ya dashibodi ni hivyo hivyo. Hata redio hushangaza: magari ya zamani ya Japani hupokea masafa ya FM kati ya megahezi 76 na 90 tu, na stesheni zilizo juu ya hapo hazisikiki mpaka kifungwe kifaa cha kuyageuza masafa. Hilo ni miongoni mwa matengenezo ya kwanza ambayo wenye magari huelekezana.

La pili ni namba ya chesisi. Magari yaliyoundwa kwa ajili ya soko la ndani la Japani hutambulishwa kwa alama fupi za modeli zilizopigwa kwenye kibao cha chuma, mara nyingi chini ya boneti. Mwenye Toyota Corolla yenye alama ya NZE121, kwa mfano, hujua kwamba injini yake ni 1NZ-FE ya lita 1.5. Alama hiyo ndiyo anayoitaja dukani. Mtu anayeuliza tu "pedi za breki za Corolla" huweza kurudi nyumbani na kitu kisichoingia.

Alama ya injini nayo husema mengi. 1NZ-FE huzungushwa na mnyororo wa taimingi, ambao kwa kawaida hauna muda maalumu wa kubadilishwa iwapo oili inabadilishwa ipasavyo. Injini ya zamani ya 3S-FE hutumia mkanda wa mpira. Mkanda huo hubadilishwa gari linapokaribia kutimiza kilomita 100,000, na ukikatika njiani injini huzimika papo hapo. Mnunuzi wa gari la mtumba hana hakika kama kazi hiyo ilikwisha kufanywa. Ushauri wa wazoefu ni mmoja: pasipo na kumbukumbu ya maandishi, ihesabiwe kwamba haikufanywa.

Mambo yanayorudiwa kila siku

Oili ya injini ndiyo mada kuu. Desturi iliyoenea ni kuimwaga kila baada ya kilomita 5,000 kwa oili ya kawaida, na kwa muda mrefu zaidi kwa ile ya sintetiki. Fundi hubandika kijikaratasi chenye kilomita za siku hiyo na za marudio. Anayekaa kwenye foleni za Nairobi au Dar es Salaam huambiwa awahi zaidi, kwa sababu injini hufanya kazi hata wakati magurudumu hayasogei, na mita ya kilomita haihesabu saa hizo.

Rejeta inafuata. Maji ya bomba hutumiwa na wengi kwa kuwa hayana bei, lakini huleta kutu na huchemka mapema kuliko kimiminika maalumu cha kupoozea. Gari linapochemka, kosa la kwanza la wageni ni kufungua kifuniko cha rejeta papo hapo. Mvuke uliobanwa humwagika usoni na mikononi. Kosa la pili ni kuendelea na safari "mpaka pale mbele". Kilomita chache za namna hiyo hutosha kuharibu gasketi na kupinda kichwa cha silinda.

La tatu, na pengine ghali kuliko yote, ni mafuta ya giaboksi. Magari mengi madogo ya Japani ya miaka ya karibuni yana giaboksi za CVT, ambazo hazina gia za ngazi bali hutumia mkanda wa chuma na puli mbili. Hizo zinahitaji mafuta yake maalumu: Nissan, kwa mfano, hutaja NS-2 au NS-3 kutegemea modeli. Giaboksi za otomatiki za kawaida zina mafuta mengine. Ukitia moja mahali pa jingine, gari huenda siku kadhaa au wiki kadhaa, kisha hukataa kuvuta, na bei ya giaboksi huweza kukaribia sehemu kubwa ya thamani ya gari zima. Ndiyo maana wenye uzoefu humsisitizia mgeni asome maandishi ya kijiti cha kupimia au kibao kabla hajaruhusu kopo lolote kufunguliwa.

Tairi zina tarehe ya kuzaliwa. Ubavuni mwake huandikwa tarakimu 4: mbili za wiki na mbili za mwaka. Tairi yenye 2319 ilitengenezwa katika wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi ya mtumba huweza kuwa na mistari mirefu na bado mpira wake ukawa umekauka na kupasuka nyufa ndogo. Wengine hununua bila kujua tairi za majira ya theluji, zenye mpira laini unaoisha upesi juu ya lami ya joto.

Mafuta ya breki husahaulika kuliko yote. Kwa asili yake hunyonya unyevu wa hewa, na unyevu ukizidi huchemka breki zinapopata moto kwenye mteremko mrefu. Kanyagio huzama na gari halisimami. Kuyabadilisha kila baada ya miaka 2 ni kazi ya bei ndogo.

Vipuri vya aina nne

Maduka ya vipuri yana mitaa yake inayojulikana: Grogan na Kirinyaga Road mjini Nairobi, Gerezani na Kariakoo mjini Dar es Salaam, Kisekka mjini Kampala. Humo mnunuzi hukuta vipuri halisi vya kiwanda, vipuri vya makampuni mengine vilivyo halali, vipuri vilivyong'olewa kwenye magari makuukuu, na vya bandia vilivyotiwa katika boksi la jina kubwa. Bandia huonekana zaidi katika vitu vidogo vinavyouzwa haraka: plagi, filta za oili na pedi za breki. Kenya ina mamlaka maalumu ya kupambana na bidhaa bandia, na Tanzania kazi hiyo iko chini ya Tume ya Ushindani. Hata hivyo macho ya kwanza ni ya mnunuzi.

Wizi nao umezaa desturi yake. Katika miji hiyo wenye magari huchora namba za usajili kwenye vioo vya pembeni na taa, ili kifaa kikiibwa kisiuzike kwa urahisi.

Mmiliki na fundi wake

Mafundi wengi wa magari walijifunza kazi kwa kukaa miaka chini ya fundi mkubwa. Nchini Kenya sekta hiyo huitwa jua kali, jina lililotokana na mafundi kufanya kazi nje bila paa. Wapo pia waliopita katika vyuo vya VETA nchini Tanzania au waliofanya mitihani ya ufundi ya NITA nchini Kenya. Uhusiano wa mmiliki na fundi hutegemea imani, na imani hiyo hulindwa kwa taratibu ndogo ndogo: kukubaliana bei kabla ya boneti kufunguliwa; mmiliki kununua vipuri mwenyewe au pamoja na fundi; kuomba kipuri cha zamani kirudishwe; na kuandika katika daftari tarehe, kilomita na kazi iliyofanywa.

Taa ya injini ikiwaka, siku hizi gari hupimwa kwa kompyuta. Kifaa hicho hutoa namba ya hitilafu, lakini namba si hukumu. Inayotaja kihisio cha hewa ya moshi huweza kutokana na waya uliokatwa na panya. Fundi mzuri huanza na waya.

Ushauri usiofaa

Si kila kinachopokezwa ni elimu. Katika gereji nyingi za ukanda huu, gari linalochemka huondolewa themostati, na mwenye gari huambiwa amepona. Kumbe injini hubaki baridi kupita kiasi, hula petroli zaidi na kulika mapema, huku ugonjwa wenyewe, pengine feni au rejeta iliyoziba, ukiwa palepale. Vivyo hivyo wapo wanaoshauriwa kung'oa kichujio cha moshi kilicho katika bomba la ekzosi "ili gari lipumue". Ndani yake mna madini ya bei kubwa, yakiwamo platinamu na paladiamu, na anayeshauri mara nyingine ndiye anayenunua. Moshi usiochujwa hubaki kwa wakazi wa mji.

Kwa Burundi, Rwanda na Kongo

Wasikilizaji wa Burundi, Rwanda na mashariki mwa Kongo wanaendesha upande wa kulia, na kwao jambo moja huongezeka. Gari la Japani lenye usukani wa kulia humlazimu dereva anayetaka kupita lori kulitokeza gari karibu lote kabla hajaona mbele. Rwanda ilizuia magari hayo kuingizwa mwaka 2005. Burundi na mashariki mwa Kongo bado yanaonekana kwa wingi. Mahali pa namna hiyo, abiria wa mbele huwa macho ya pili ya dereva, na asiye na abiria anashauriwa aachie nafasi kubwa na asipite penye kona.

Lugha, kwa upande mwingine, ni faida. Katika Buyenzi mjini Bujumbura na Biryogo mjini Kigali, mitaa ya Waswahili tangu zamani na yenye wachuuzi wa vipuri na mafundi, maneno ya gereji ni yaleyale yanayosikika Gerezani na Kirinyaga Road. Anayesafiri na kuharibikiwa Kahama au Mbarara huweza kueleza tatizo lake na akaeleweka.

Kazi za mwenye gari mwenyewe zinajulikana: kupima oili asubuhi injini ikiwa baridi, kuangalia maji, upepo wa tairi, taa na kiwango cha mafuta ya breki. Breki zenyewe, usukani, mifuko ya hewa ya usalama na nyaya kubwa za rangi ya machungwa za magari ya haiburidi, ambazo umeme wake unaweza kuua, ni kazi za fundi aliyesomea. Ukaguzi wa asubuhi huchukua dakika tano, na gari likianza kuvuta upande mmoja wakati wa kufunga breki, safari ya siku hiyo iishie gerejini.