Sinema Isiyo na Steringi

Steringi hafi. Hiyo ndiyo sheria ya kwanza anayojifunza kila mtoto aliyepenya kwenye kibanda cha video. Apigwe risasi kumi, adondoke ghorofani, atoswe baharini, mwisho wa mkanda utamwona kasimama, maana yeye ndiye mwenye picha. Wale wengine, wanakijiji, walinzi na wapita njia, wamewekwa ili wafe. Majina hawana, na hakuna anayewahesabu.

Ni sheria tamu, wala siikatai. Tatizo linaanza tunapoingia nayo kwenye historia. Darasani tumefundishwa kwa mtindo huohuo: fulani alianzisha vita, fulani alileta uhuru, tarehe fulani bendera ikapandishwa. Na ule umati uliojaa uwanjani? Wapita njia tu! Ndiyo maana nataka kukutajia, msomaji, sinema tatu zilizoivunja sheria ya steringi. Zote zinahusu mapambano ya kumng'oa Mreno Afrika, na zote hazikuwahi kuvuma katika vibanda vyetu. Nitakaa zaidi na moja, kwa kuwa ni ya jirani, na ukichimba kidogo utakuta ni ya kwetu pia.

Mueda ni mji mdogo kusini ya mto Ruvuma, juu ya uwanda wa Wamakonde, jimbo la Cabo Delgado. Wakati wa Mreno watu wa huko walilazimishwa kulima pamba na kufanya kazi za shokoa. Maelfu walivuka mto kuja Tanganyika kutafuta vibarua katika mashamba ya mkonge. Huku nako Mwingereza alikuwa bado anatawala, lakini angalau mtu aliweza kuunda chama, kukaa kikao, kusikia hotuba za TANU. Mtu akirudi kwao alirudi na khanga, na baiskeli kama kajaliwa, na habari pia. Forodha ya Mreno iliweza kuikagua khanga. Habari ya uhuru ingekaguliwaje?

Tarehe 16 Juni 1960 watu walijaa mbele ya ofisi ya utawala pale Mueda. Wasemaji wawili, Faustino Vanomba na Kibiriti Diwane, waliokuwa wametokea Tanganyika, walikwenda kuzungumza na wakubwa, na gavana wa jimbo alikuwepo. Baada ya mazungumzo wale wawili walikamatwa. Watu wakapinga wenzao wasichukuliwe. Askari wakafyatua risasi.

Walikufa wangapi? FRELIMO imesema siku zote zaidi ya 600. Hesabu hiyo imo pia katika ushuhuda wa Alberto Chipande, aliyekuwepo siku ile, ambao Eduardo Mondlane aliuweka katika kitabu chake kilichotoka mwaka 1969, mwaka aliouawa kwa bomu hapa Dar es Salaam. Wanahistoria wa baadaye wamekadiria idadi ndogo kuliko hiyo, ndogo sana. Ubishi huo haujaisha. Lakini hakuna anayebisha kwamba watu wasio na silaha walipigwa risasi, na kwamba baada ya siku ile vijana wengi wa uwanda ule hawakuona tena maana ya kwenda kumwomba Mreno. FRELIMO iliundwa Dar es Salaam Juni 1962, na tarehe 25 Septemba 1964 vita vikaanza, hukohuko Cabo Delgado.

Sasa tuje kwenye sinema. Baada ya uhuru wa Msumbiji mwaka 1975, watu wa Mueda walikuwa na desturi ya kuigiza mauaji yale kila ifikapo 16 Juni, mahali palepale yalipotokea. Mwaka 1979 akaja Ruy Guerra na kamera. Huyu bwana alizaliwa Lourenço Marques, ambayo leo ni Maputo, akaenda kujijengea jina Brazili. Angeweza kuleta waigizaji wake, akatafuta kijana mtanashati wa kuwa steringi. Hakufanya hivyo. Aliwafuata watu na igizo lao, akaliacha liende. Ndipo ikatoka *Mueda, Memória e Massacre*, yaani "Mueda, kumbukumbu na mauaji", picha ya rangi nyeusi na nyeupe ambayo wengi huitaja kuwa sinema ndefu ya kwanza ya hadithi ya Msumbiji huru.

Mtu aliyezoea picha za vita ataanza kwa kushangaa. Wareno wanaigizwa na Waafrika wenyewe, tena kwa vituko: wanatembea kwa maringo, wanafoka, wanajishaua. Watazamaji waliozunguka uwanja wanacheka. Wanacheka! Kwenye mauaji ya ndugu zao! Halafu igizo linakatwa, anakuja mtu mzima mbele ya kamera, anaeleza taratibu aliyoyaona siku ile. Kisha tunarudi uwanjani kwenye vichekesho, huku sisi tunajua, na wao wanajua, kinachokuja.

Kicheko kile ndicho kilichonifanya niipende picha hii. Anayeomboleza mbele ya mkubwa bado anamtambua kuwa ni mkubwa. Watu wa Mueda walikuwa wamevuka hapo. Bwana shauri aliyewatetemesha mwaka 1960 sasa ni kikaragosi, sauti yake iko kooni mwa mkulima wa palepale, na ofisi yake imekuwa jukwaa. Hotuba ya sikukuu haiwezi kukuonyesha jambo hilo. Hata vitabu, pamoja na ubishi wao wa idadi, havikuonyeshi nani alisimama wapi na nani alimtazama nani. Humu umati wenyewe ndio steringi, na umekufa, na bado umesimama mwisho wa mkanda.

Je, picha kama hii ilitunzwa? Serikali ya Samora Machel iliipenda sinema kweli. Iliunda taasisi ya taifa ya sinema, ikatoa habari za kila wiki ziitwazo *Kuxa Kanema*, na magari yakazipeleka vijijini kwa watu ambao hawakuwa wameona sinema maishani. Lakini kupenda ni kazi moja na kuvumilia ni nyingine. Watafiti walioifuatilia *Mueda* wameonyesha kwamba baada ya Guerra kumaliza, baadhi ya sehemu zilikatwa na nyingine kupigwa upya, ili kumbukumbu ya wenyeji ikae sawa na historia ya chama. Kumbe hata ukiutoa umati kwenye bunduki ya Mreno, bado kuna mkasi unaousubiri. Halafu vita vya RENAMO vikala fedha na watu, Machel akafa katika ajali ya ndege mwaka 1986, na mwaka 1991 moto ukateketeza sehemu kubwa ya taasisi ile ya sinema. Leo ukiitafuta *Mueda*, njia mojawapo inapitia Berlin, katika taasisi ya Arsenal iliyoisaidia kurudi machoni mwa watu. Mueda na Mtwara ni majirani, lakini sinema yao sharti izungukie Ujerumani.

Ukiipata hiyo, usikose na wenzake wawili.

Wa kwanza ni *Sambizanga* ya mwaka 1972, ya mwanamama Sarah Maldoror. Alizaliwa Ufaransa, baba yake mtu wa Guadeloupe, akasomea sinema Moscow. Angola ilikuwa bado mikononi mwa Mreno, kwa hiyo picha ilipigwa Kongo-Brazzaville. Domingos, dereva wa trekta, anakamatwa na polisi wa siri. Sinema ya kawaida ingebaki naye gerezani tusubiri atoroke. Maldoror anaiacha kamera ifuatane na Maria, mkewe, aliyembeba mtoto mgongoni, anayekwenda kituo hadi kituo kuuliza mumewe yuko wapi. Kila karani anamwambia nenda kule. Domingos anafia mikononi mwa watesaji, na picha bado inaendelea. Wapo waliomlaumu Maldoror ati kaifanya picha nzuri mno kwa jambo zito kiasi kile. Sioni kosa hapo. Nani alisema mnyonge lazima apigwe picha mbaya? Filamu yake nyingine, aliyoipiga kwa wapiganaji wa Guinea-Bissau, ilizuiwa Algeria na haijaonekana tena. Mwenyewe alifariki mwaka 2020. Mwaka uliofuata *Sambizanga* ilisafishwa upya, hivyo leo inatazamika vizuri.

Wa pili ni *Mortu Nega*, "waliokataliwa na kifo", ya Flora Gomes wa Guinea-Bissau, mwaka 1988. Diminga anafuatana na wapagazi wa silaha kumtafuta mumewe aliye mstari wa mbele, mwaka 1973. Katikati ya safari inafika habari kwamba Amílcar Cabral ameuawa. Steringi wa taifa kafa, na wapagazi wanainua mizigo, safari inaendelea. Kisha uhuru unakuja, nusu ya picha ikiwa bado mbele yako! Ukame, mume ana jeraha lisilopona, waliokuwa wenzao wameanza kuwa wakubwa. Sinema nyingi za ukombozi hazikuthubutu kwenda mpaka hapo.

Hizi si picha za haraka. Aliyezoea mateke atapiga miayo robo saa ya kwanza, naye asilaumiwe, lakini avumilie. Lugha pia ni kikwazo: Kireno, Kikrioli, Kimakonde. Ila sisi tuna dawa yake tangu zamani. Kama mkalimani wa kibandani aliweza kuwatafsiria watu Wahindi na Wachina huku picha inakwenda, atashindwaje Mmakonde kumtafsiria Mmakonde mwenzake?

Siku ya kuonyesha ipo tayari. 16 Juni tunaiadhimisha kila mwaka kuwa Siku ya Mtoto wa Afrika, kwa ajili ya Soweto 1976, na ni haki yake. Lakini miaka 16 kabla ya Soweto tarehe hiyohiyo ilimwaga damu hapa mlangoni, na watu wengi wa Mtwara, Lindi na Dar es Salaam wana babu waliotoka uwanda ule. Cabo Delgado imeingia tena vitani tangu Oktoba 2017, na Mueda imepokea watu waliokimbia vijiji vyao. Redio ikiwataja, inawataja kwa jumla, elfu kadhaa. Ni walewale wapita njia.

Basi tafuteni nakala, tandikeni shuka jeupe ukutani, na waiteni wazee wa Kimakonde wakae mstari wa mbele. Wao ndio watatuambia pa kucheka.