"Wale watoto hawasomi"

Jumamosi iliyopita nilikwenda Membley, pale Ruiru, kumtembelea mpwa wangu. Soja wa lango la mtaa ananifahamu. Tukapiga gumzo kidogo nikisubiri kufunguliwa, kisha akaninong'oneza kama mtu anayetoa siri ya ugonjwa: "Mzee, wale watoto wa nyumba unayoenda hawasomi." Nilijua alichomaanisha. Mpwa wangu na mumewe huwafundisha wanao nyumbani, na basi la shule halisimami mlangoni pao. Nikaingia ndani. Mtu wa kwanza niliyemwona alikuwa msichana wa miaka tisa, amelala kifudifudi chini ya meza ya chakula, kitabu mbele yake. Hakuinua kichwa kuniamkia hadi alipofika mwisho wa ukurasa.

Mtoto anasoma hadi anasahau kumwamkia babu yake, na bado yasemwa kwamba hasomi! Wala soja hana kosa. Ndivyo tunavyozungumza sote. Ukimuuliza mtoto wa Kenya "Unasoma wapi?" atakutajia shule, hatakwambia kwamba husoma kitandani au chini ya mwembe. Fulani "aliacha kusoma" darasa la sita. Na kijana wa miaka 22 akishavua joho la mahafali hutangaza kwa furaha, "Nimemaliza kusoma." Kauli hiyo hunitisha kila niisikiapo, hasa kwa kuwa mara nyingi huwa ni kweli.

Je, neno hili lilitoka vipi sebuleni likahamia shuleni? Tuanzie pwani. Katika Kiswahili cha zamani, *chuo* kilikuwa kitabu, na wingi wake *vyuo*. Kamusi ya Krapf iliyochapishwa 1882 ina maana hiyo. Neno hilohilo likataja mahali ambapo watoto walikusanyika mbele ya mwalimu kujifunza Kurani, na aghalabu mahali hapo palikuwa baraza au chumba cha nyumba ya mtu. Mwanachuoni wa asili hakuhitaji jengo lenye kengele.

Vilevile, mengine yalifundishwa chumbani kabisa. Mnamo 1858 hivi, Mwana Kupona binti Mshamu wa Pate, akiwa mgonjwa, alimtungia bintiye Mwana Hashima utendi unaojulikana hadi leo. Mwanzoni mwake anamwita mtoto aje karibu na wino na karatasi. Najua wanawake wengi wa leo hawakubaliani na mawaidha yenyewe, hasa yale ya kumtumikia mume, na wana haki yao. Hapa ninachotazama ni ile picha: mama, mtoto, karatasi, na hakuna mtu wa tatu. Miongo mingi baadaye utendi huo uliingia katika mitaala na mitihani yetu, lakini ulizaliwa kama somo la nyumbani.

Bara mambo yalikwenda kwa njia nyingine. Neno *soma* lilipanda kutoka pwani likafika Kiambu, na kwa kuwa Kikuyu hakina sauti ya *s*, likawa *thoma*. (Ni kanuni ileile iliyoigeuza Scotland ikawa Thogoto, pale Wamishenari wa Kiskoti walipojenga kituo chao.) Waliosoma wakaitwa *athomi*. Lakini *mũthomi* hakuwa tu mtu ajuaye kusoma. Alikuwa Mkristo, mtu wa misheni, mvaa shati, aliyeachana na desturi kadhaa za kwao. Uganda nako waumini wa kwanza waliitwa *abasomi*. Kwa hiyo kusoma bara kuliingia kama kuhama: ulitoka kwa mama yako ukaenda kwa watu wengine. Hata mgogoro wa tohara ya wasichana ulipolipuka 1929 na Wakikuyu wengi wakajitoa misheni, walichojenga kwanza kilikuwa shule zao wenyewe, zikafikia kilele kwa chuo cha ualimu cha Githunguri mwaka 1939. Serikali ya kikoloni ilizifunga wakati wa Hali ya Hatari. Mtu aliyenyang'anywa shule hivyo huithamini shule kuliko kitabu, na sidhani tunapaswa kumlaumu.

Wakati huohuo, ng'ambo ya pili ya mstari wa rangi, hakuna aliyeshangaa mtoto kusomea nyumbani. Elspeth Huxley aliletwa Thika akiwa na miaka sita, mwaka 1913, na masomo yake ya mwanzo aliyapata shambani kwa wazazi wake. Kitabu chake kuhusu utotoni Thika, kilichotoka 1959, kikapata wasomaji dunia nzima. Hatujasikia kwamba kuna jirani aliyesema yule mtoto hasomi. Na jirani mwingine wa eneo hili, tajiri William Northrup McMillan wa shamba la Juja, alipofariki mwaka 1925, mjane wake aliendeleza ujenzi wa maktaba kwa kumbukumbu yake katikati ya Nairobi. Ilifunguliwa 1931. Mwafrika hakuruhusiwa kuingia kusoma humo hadi ukoloni ulipokaribia kwisha. Basi mtoto wa Ruiru aliyependa vitabu wakati huo angesoma wapi baada ya kengele ya shule?

Jibu moja liko Kamiriithu, Limuru, katika kaunti hiihii. Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyetuaga Mei 2025, alizaliwa huko 1938. Katika kumbukumbu zake za utotoni anaeleza jioni za hadithi penye moto, katika nyumba ya mke mkubwa wa baba yake. Anaeleza pia kwamba mamaye, Wanjiku, ndiye aliyemuuliza kama angependa kwenda shule, na ndiye aliyefuatilia kazi yake. Wanjiku hakujua kusoma. Hata hivyo mtoto alipoleta matokeo nyumbani, mama alitaka kujua kama kweli huo ndio uwezo wake wote. Ngũgĩ anasimulia pia jinsi Agano la Kale lilivyogeuka kuwa kitabu cha ajabu mikononi mwake, hadithi ambazo angeweza kujisimulia mwenyewe hata pasipo na msimulizi.

Mtoto huyo alipokua alifungwa bila kushtakiwa, kuanzia mwisho wa 1977 hadi Desemba 1978. Kwa sehemu kubwa ya kifungo hicho alikuwa Kamiti, gereza lisilo mbali na lango la yule soja wetu. Humo, juu ya karatasi za choo, aliandika riwaya ya Kikuyu, *Caitaani Mũtharaba-inĩ*, iliyochapishwa 1980. Kilichofuata ndicho kinachonivutia zaidi. Ngũgĩ ameandika kwamba familia zilikusanyika jioni, mmoja wao aliyejua kusoma akawasomea wote kwa sauti. Baani nako alipatikana msomaji ambaye aliendelea hadi glasi yake ilipokauka, kisha akanyamaza hadi wasikilizaji waliokatizwa utamu walipomwagizia nyingine. Huko ndiko kusoma kulikorudi nyumbani (na baani), watu wakisoma pasipo mtihani wowote mbele yao.

Nilimsimulia mpwa wangu haya tukinywa chai. Akacheka, kisha akanyamaza. "Mjomba, hayo ni mazuri, lakini sheria ni sheria." Anaifahamu vizuri. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inamtaka mzazi amwandikishe mtoto shuleni na kuhakikisha anahudhuria, na suala la wanaofundisha nyumbani limewahi kufika mahakamani. Kila chifu anapoitisha baraza, roho yake hudunda. Ni juzi tu, 2020, korona ilipofunga shule kuanzia Machi, serikali yenyewe ilitutaka sote tugeuke walimu wa nyumbani. Wengi wetu tuligundua hatukuwa na kitabu hata kimoja kisicho cha kiada. Mimi, niliyekula mshahara wa lugha miaka yote hii, nilikuwa na kabati la vitabu nililokuwa nimelifunga kwa kufuli ili wajukuu wasivichane.

Nina swali langu kwa mpwa wangu pia, na nilimuuliza. Rafu yake ina vitabu kama mia mbili. Vya Kiswahili nilihesabu vinne, viwili vikiwa vya mazoezi ya sarufi. Vya Kikuyu, lugha ya baba wa watoto hao, hakuna. Akasema havipatikani kwa urahisi, na vile vya Kiswahili anavyoviona madukani vimeandikwa kwa ajili ya shule. Sikuweza kumkanusha sana. Hapo ndipo yule msichana alipotoka chini ya meza akauliza kama mimi nina kitabu cha Kiswahili "chenye kuchekesha, si cha maswali."

Jumamosi ijayo nitampelekea *Hekaya za Abunuwasi*. Kabati nimelifungua tayari. Tumekubaliana asome kwa sauti, nami nisimsahihishe matamshi hata mara moja, sharti ambalo mamaye anaamini sitalitimiza.