Lubumbashi Kabla ya Genk: Mbwana Samatta na TP Mazembe, 2011–2016

Masimulizi mengi kuhusu Mbwana Samatta huanzia Ulaya: ubingwa wa Ubelgiji akiwa na Genk msimu wa 2018/19, alipofunga mabao 23 ya ligi, kisha Aston Villa, alikokuwa Mtanzania wa kwanza kucheza Ligi Kuu ya Uingereza mwaka 2020. Insha hii inadai kuwa masimulizi hayo yanaruka kipindi kilichomjenga.

Samatta alijiunga na TP Mazembe mwaka 2011, baada ya klabu yake, Simba, kukutana nayo katika Ligi ya Mabingwa Afrika. Alivuka mpaka wa nchi bila kuvuka mpaka wa lugha, kwani Lubumbashi huzungumza Kiswahili, ingawa si kile cha Mbagala alikokulia. Mazembe ya Moïse Katumbi ilikuwa bingwa wa Afrika wa 2009 na 2010, na Desemba 2010 ilicheza fainali ya Kombe la Dunia la Klabu dhidi ya Inter Milan. Nyumbani hapakuwa na jukwaa la namna hiyo.

Mwaka 2015 alifunga katika mechi zote mbili za fainali dhidi ya USM Alger, na Mazembe ikatwaa kombe. Januari 2016 alitunukiwa mjini Abuja tuzo ya mchezaji bora miongoni mwa wanaocheza barani Afrika. Mwezi huohuo Genk ikamsajili.

Hata hivyo, klabu peke yake haielezi yote. Thomas Ulimwengu alikuwa naye Mazembe miaka hiyohiyo, lakini alipofika Sweden mwaka 2017, AFC Eskilstuna, hakudumu.