Otonomia: Sheria ya Mji au Sheria ya Nafsi?



Neno "otonomia" tunalisikia likilaaniwa juu ya mimbari kuwa ni kumpokonya Mwenyezi Mungu hukumu. Wanavyuoni wetu wametufundisha kuwa kukihukumu kitu ni tawi la kukifahamu, basi natutazame kwanza lilikotoka.

Asili yake ni Kigiriki: autos ni mwenyewe, nomos ni sheria. Lilikuwa neno la miji, si la mtu mmoja mmoja. Mwaka 421 kabla ya Nabii Isa (A.S.), Athens na Sparta zilipowekeana mkataba wa amani, watu wa Delphi waliachiwa sheria zao, kodi zao na mahakama zao. Katika mkataba huohuo imo miji iliyotakiwa iendelee kuilipa Athens ushuru, nayo pia ikahesabiwa kuwa na otonomia. Kwa hiyo neno halikuwa na maana ya dola huru. Mji uliweza kuwa chini ya mwenye nguvu na bado ukahukumiana kwa sheria zake.

Mwaka 1785 Immanuel Kant, mwanafalsafa wa Kijerumani, alilihamishia neno kwenye utashi wa mtu: akili ndiyo ijiwekee sheria ya maadili. (Hata yeye hakukusudia mtu afuate matamanio yake, ingawa wengi wanaomtaja wamelisahau hilo.) Maana hii ndiyo inayogongana na itikadi yetu, kwani mukallaf hupokea sheria, haitungi. Rejea Surat Yusuf, aya ya 40.

Ama maana ya kwanza, Uislamu unaijua. Katika Sahifa ya Madina, baada ya Hijra ya mwaka 622, Mayahudi wa Bani Auf walibaki na dini yao na Waislamu na yao. Aya ya 42 ya Surat al-Maida ilimpa Mtume (S.A.W.) hiari ya kuwahukumu waliomjia au kuwaacha, mafaqihi wakahitilafiana, wengine wakisema hiari imebaki, wengine kuwa imenasikhiwa na aya ya 49.

Nasi wa pwani ya Kenya tumo katika mlango huohuo, ila upande wa pili. Oktoba 1963 Jomo Kenyatta na Muhammad Shamte, mawaziri wakuu wa Kenya na Zanzibar, walikubaliana kuwa mahakama za kadhi zitabaki baada ya ukanda wa pwani kutoka katika milki ya Sultani. Ibara ya 170 ya Katiba ya 2010 imezihifadhi kwa mambo ya hali ya mtu, ndoa, talaka na mirathi, kwa sharti kuwa wahusika wote ni Waislamu na wameridhia kuhukumiwa hapo.

Katika sharti hilo maana zote mbili zimekaa pamoja. Umma umepewa kadhi wake, lakini mrithi mmoja akikataa, kesi huenda Mahakama Kuu.