Kumsaidia mtoto mdogo kupenda kusoma

Mtoto hahitaji kujua herufi ili aanze kupenda vitabu. Anachohitaji kwanza ni sauti yako na dakika chache za kukaa nawe kila siku.

Kwa nini uanze mapema?

Mtoto husikia sauti ya mama yake hata kabla ya kuzaliwa, na katika miaka 3 ya kwanza ubongo wake hukua kwa kasi sana. Unapomsomea, hukutana na maneno yasiyosikika sana katika mazungumzo ya nyumbani. Atayahitaji akianza shule.

Mwaka 2019, Shirika la Afya Duniani (WHO) lilishauri watoto wa chini ya miaka 5 wasomewe na kusimuliwa hadithi na walezi wao wanapokuwa wametulia. Televisheni na simu hazipendekezwi kwa mtoto ambaye hajafika miaka 2. Kwa wa miaka 2 hadi 4, zisizidi saa 1 kwa siku.

Ufanye nini?

- Chini ya mwaka 1: Mpakate, mwonyeshe picha kubwa na uzitaje. Akitia kitabu mdomoni, usimgombeze.
- Mwaka 1 hadi 2: Mwache afunue kurasa mwenyewe. Muulize, "Paka yuko wapi?" Kisha subiri aonyeshe kwa kidole.
- Miaka 3 hadi 5: Akitaka hadithi ileile kila usiku, msomee. Kurudia humsaidia kushika maneno.

Kama huna kitabu, au husomi vizuri

Eleza picha kwa maneno yako, kwa lugha unayoizungumza vizuri zaidi. Kalenda ya ukutani, gazeti la zamani na hata paketi ya unga vina picha na herufi. Hadithi za bibi zinazoanza kwa "Paukwa!" pia humjenga mtoto.

Usimlazimishe

Akichoka, fungeni kitabu. Mtoto anayechapwa au kuchekwa kwa kukosea herufi huanza kuogopa vitabu.

Mpeleke kliniki ikiwa:

- hashtuki kwa sauti kubwa, au hageuki anapoitwa
- amefika miezi 12 na hatamki silabi kama "ba-ba"
- amefika miaka 2 na haungi maneno mawili
- ameacha maneno aliyokuwa akiyatamka
- husogeza kitabu karibu mno na macho.

Huenda tatizo liko kwenye masikio au macho, wala si uvivu. Likigundulika mapema, mtoto husaidika zaidi. Usisubiri hadi aanze shule.