Kanda Tatu za Mji na Mtoto wa Ihanja

Wapo wanaodhani kwamba utaifa wetu ulibuniwa na wasomi mjini, kisha ukapelekwa vijijini kama mbegu za serikali. Historia ya Dar es Salaam haikubaliani nao.

Wajerumani walipoufanya mji huo makao makuu mwaka 1891 walitoa amri ya ujenzi. Waingereza, waliowafuata, waliirithi na kuinoa. Kwa kuwa walitawala kwa dhamana ya Shirikisho la Mataifa, hawakuthubutu kuandika ubaguzi wa rangi waziwazi katika sheria. Sheria ikataja aina ya nyumba tu: kanda ya kwanza nyumba za kizungu, ya pili nyumba za kuishi na kufanyia biashara, ya tatu vibanda vya wenyeji. Lakini nani alikuwa na fedha za kujenga nyumba ya kizungu? Tabaka lilifanya kazi ambayo rangi ilikatazwa kuifanya. Wananchi hawakudanganyika. Waliziita Uzunguni, Uhindini na Uswahilini, na kati ya Uhindini na Kariakoo ukaachwa uwanja mtupu wa Mnazi Mmoja.

Shule nazo ziligawanywa vivyo hivyo. Mtoto wa Kizungu alisoma kwa Kiingereza, wa Kihindi aghalabu alianza kwa Kigujarati, Mwafrika kwa Kiswahili. Hata miongoni mwa Waafrika, shule ya Tabora iliyofunguliwa mwaka 1925 ililenga kwanza watoto wa machifu. Hivyo mkoloni hakugawa rangi peke yake. Alikuwa akiandaa tabaka dogo la kumsaidia, lenye lugha yake.

Sasa mtazame kijana wa Ihanja, katika Unyaturu, Jimbo la Kati la wakati huo. Kodi ya kichwa ilidai fedha taslimu, na fedha hazikuota shambani pamoja na mtama. Vijana wa jimbo hilo wakaenda kutafuta vibarua, wengine mashambani mwa walowezi, wengine mijini. Huko Kinyaturu hakikumfikisha mtu mbali. Mwenzake alikuwa Mzaramo, Mmanyema au Mnyamwezi, na kilichowaunganisha ni Kiswahili cha kibarua na cha chumba cha kupanga. TANU ilipozaliwa Kariakoo tarehe 7 Julai 1954, ilikuta lugha ya taifa imekwisha kutengenezwa na watu hao, katika kanda ambayo mtawala aliidharau kuliko zote. (Tusifiche kwamba undugu huo nao ulikuwa na mpaka wake: wasio Waafrika hawakufunguliwa uanachama wa TANU mpaka mwaka 1963.)

Baada ya uhuru mfumo wa shule za rangi ulifutwa. Mwaka 1967 Kiswahili kikawa lugha ya shughuli za serikali, na kuanzia mwaka 1977 elimu ya msingi kwa wote ikamfikia mtoto wa mkulima. Lakini mlango wa sekondari ulibaki na kufuli la Kiingereza. Tume ya Makweta ilipendekeza mwaka 1982 kwamba kufuli hilo liondolewe, serikali ikakataa. Shule za msingi za binafsi ziliporuhusiwa kufundisha kwa Kiingereza, kanda zilirudi bila amri ya ujenzi: karo ikatosha.

Leo mtoto wa Ihanja, iliyomo sasa katika Wilaya ya Ikungi, humaliza shule ya msingi akiwa amesoma hesabu na sayansi kwa Kiswahili. Akiingia kidato cha kwanza hukuta karibu masomo yote yamegeuka Kiingereza. Mtoto wa mjini aliyelipiwa karo hakuti mageuzi hayo. Wote wawili watafanya mtihani mmoja wa kidato cha nne, na yule atakayeshindwa ataambiwa kwamba hana akili.